Matangi ya mafuta katika boti kuukuu za Ziwa Nyasa: Nani alipie kutu?

KWA miaka kadhaa sasa, mjadala wa uvuvi nchini umetawaliwa na habari za vyombo vipya. Januari 30, 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa, kwa mikopo iliyopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB). Huko Kyela nako, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) ilijenga meli tatu: MV Njombe na MV Ruvuma za mizigo, na MV Mbeya II ya abiria na mizigo, iliyoanza kazi mwaka 2021.

Hayo ni mambo ya kushukuru. Hata hivyo, usiku wa giza unapoingia na wavuvi wa usipa wanapowasha taa zao kati ya Itungi na Matema, vyombo vilivyoko majini si vile vilivyopigwa picha kwenye uzinduzi. Vingi ni mitumbwi ya kasia. Vichache vyenye injini ni vya mbao, vimekwisha kuzeeka, vimebadilishwa injini mara mbili au tatu, lakini tangi la mafuta ni lile lile lililowekwa siku ya kwanza.

Tangi hilo ndilo sehemu ya boti inayosahaulika kuliko zote. Mbao iliyooza huonekana. Injini inayogonga husikika. Wavu uliochanika hauwezi kujificha. Tangi limefunikwa chini ya sakafu au chini ya kiti cha nyuma, halina sauti, na maadamu mafuta yanafika kwenye injini, hakuna anayejisumbua kulichungulia. Linapokumbukwa, mara nyingi huwa limekwisha kutoboka.

Katika mwambao huu, kutoboka kwa tangi si jambo la kupoteza lita chache za dizeli tu.

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Kyela iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao wavuvi wa upande wa Malawi huuita mwera, huvuma kufuata urefu huo wa ziwa. Mawimbi yanayopiga ufukwe wa Matema katika miezi hiyo yamesafiri mbali na yamekusanya nguvu njiani. Upande wa mashariki, kuanzia Matema kuelekea Ikombe na vijiji vya mwambao wa Ludewa, Milima ya Livingstone inashuka kwa mteremko mkali hadi majini. Fukwe za kukimbilia ni chache, na maji huwa na kina kirefu hatua chache tu kutoka nchi kavu; kamba ya nanga ya boti ya kawaida haifiki chini. Boti ambayo injini yake imezimika hapo husukumwa na upepo kuelekea kwenye miamba, na mabaharia wake hubaki na kasia na dua.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba injini yenye tangi bovu ina tabia ya kuzimika katika saa hiyo hiyo ya dhoruba. Baadhi ya wavuvi huliona kuwa ni nuksi. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Chembe za kutu, matope na maji ni vizito kuliko mafuta, hivyo hukaa chini ya tangi. Ziwa likiwa shwari, uchafu huo hutulia, na bomba la kunyonya mafuta hupita juu yake bila kuugusa. Mwezi mzima unaweza kupita bila tatizo. Siku mawimbi yanapolitikisa tangi, mashapo yote huamka kwa pamoja, chujio huziba katika dakika chache, maji huingia kwenye pampu, na injini iliyokuwa ikienda vizuri asubuhi hukata pumzi mbele ya wimbi la kwanza kubwa. Fundi aliyeikagua injini hiyo gatini jana yake atakuwa amesema kweli kwamba ni nzima.

Chuma hakiliwi na ziwa

Miongoni mwa wamiliki wa boti katika maziwa yetu kuna imani kwamba maji baridi hayali chuma. Msemo huo una ukweli wake: maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi hula chuma kwa kasi kubwa zaidi, na boti ya Bagamoyo au Kilwa huonyesha kutu kwa nje mapema. Tatizo ni kwamba imani hiyo huwafanya watu waangalie upande usiohusika. Tangi la boti ya Ziwa Nyasa huoza kutoka ndani. Unaweza kulikuta limepakwa rangi safi kwa nje, lakini bati lake la chini limebaki jembamba kama kopo la maziwa.

Maji huingiaje ndani ya tangi lililofungwa? Njia ya kwanza ni mvua. Mwambao wa Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, hasa Machi hadi Mei. Mfuniko wa tangi ambao mpira wake umekauka, au ambao ulipotea na badala yake pakasokomezwa tambara, hupitisha maji kila mvua inaponyesha. Bomba la pumzi lililokatika, au lililoelekezwa juu badala ya kupindwa kuangalia chini, hufanya kazi hiyo hiyo.

Njia ya pili ni hewa yenyewe. Tangi lazima lipumue: mafuta yakipungua, hewa huingia kuchukua nafasi. Hewa ya Kyela ni ya joto na imejaa unyevu. Usiku, bati linapopoa, unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za ndani na kutiririka hadi chini, chini ya mafuta, mahali ambapo hauwezi kukauka tena. Kila siku huongeza kidogo. Kadiri tangi linavyokuwa tupu zaidi, ndivyo hewa inavyokuwa nyingi na matone yanavyozidi.

Hapo ndipo desturi ya uvuvi wa taa inapoongeza tatizo. Uvuvi wa usipa hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa hazivuti samaki, na boti hupumzika kwa siku kadhaa. Hupumzika zikiwa na mafuta kidogo yaliyosalia katika safari ya mwisho, hali ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Ushauri wa vitabuni ni kulijaza tangi pomoni kabla ya kuliacha. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye fedha za ziada na gati lenye mlinzi. Kwa mmiliki wa boti ya Ngonga au Matema, kujaza tangi maana yake ni kulaza mtaji majini wiki nzima, mahali ambapo mpira mmoja na dumu moja vyatosha kuuhamisha usiku. Njia inayomfaa zaidi ni kinyume chake: kuyatoa mafuta yote, kuyahifadhi nyumbani katika chombo kilichofungwa, kufungua koki ya chini ya tangi, kuondoa maji, na kuliacha tangi kavu hadi giza lirudi. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Sharti lake ni kwamba koki ya chini iwepo, na matangi mengi ya kuchomelea mitaani hayana.

Kufungwa kwa uvuvi kwa muda mrefu huleta jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Boti inayolala miezi mitatu na robo tangi ya dizeli huamka na kitu kingine ndani yake. Mahali dizeli inapokutana na maji huota vijidudu, bakteria na kuvu, vinavyokula mafuta na kuacha utando mweusi unaonata kama uji uliochacha. Uchafu wao una asidi, na asidi hiyo hutoboa bati kwa vishimo vidogo vidogo. Nchi za joto ndizo zinazovipenda zaidi.

Safari ya lita moja

Sehemu nyingine ya uchafu huletwa na mafuta yenyewe. Dizeli inayofika Kyela imesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Mbeya na Tukuyu. Hadi kituo cha mafuta mjini, inafuatwa na sheria: Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, na tangu mwaka 2010 mafuta huwekewa alama maalumu ili kuwabaini wanaochakachua. Bajeti ya 2011/2012 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya kuyachanganya na dizeli.

Baada ya kituo, sheria hubaki nyuma. Mafuta humiminwa kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula, hupanda pikipiki hadi ufukweni, hushushwa, humiminwa tena kwa mdomo wa chupa iliyokatwa, na wakati mwingine huvuka hadi kijiji ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na njia nyingine zaidi ya maji. Kila kumimina huongeza mchanga kidogo, tone la mvua, uzi wa tambara. Kipande cha kitambaa kisicho na nyuzi, au chujio la waya laini kwenye faneli, kingezuia sehemu kubwa ya uchafu huo kwa gharama ya soda moja au mbili.

Upo pia mpaka. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi imekuwa tangu 1982 ikichanganya petroli na ethanoli inayotengenezwa kwa miwa ya Dwangwa, kwenye ufukwe wa magharibi wa ziwa hili hili. Magari hayadhuriki nayo. Kwa boti ya zamani, ethanoli ina mambo matatu mabaya: huvuta maji, hulegeza uchafu uliokuwa umeganda tangini kwa miaka, na hulainisha mipira ya kale. Matangi ya zamani ya fibaglasi nayo huumia. Boti za starehe katika pwani ya kaskazini mashariki mwa Marekani zilipata hasara hiyo baada ya ethanoli kuingizwa kwenye petroli yao katika miaka ya katikati ya 2000, pale matangi yao yalipoanza kuyeyuka kidogo kidogo na utomvu wake kuziganda valvu za injini. Mwenye injini ya kupachika nyuma anayejaza mafuta Karonga na kuyarudisha Kyela hana budi kuyatumia upesi. Kuyaacha yakae tangini mwezi mzima ni kuyapa nafasi ya kunywa maji.

Ni kweli kwamba katika vipindi vya uhaba, mwaka 2011 na tena kuanzia 2022, mwelekeo wa madumu uligeuka na mafuta yakawa yanaelekea Malawi. Kwa mvuvi wa Kyela hilo lina maana moja: mafuta ghali zaidi, kutoka mikononi mwa watu wengi zaidi.

Sabuni, gundi na moto

Tangi likivuja, dawa ya kwanza ufukweni ni kipande cha sabuni ya mche. Husuguliwa juu ya tundu hadi mvujo ukome. Wanaodharau njia hii hawajawahi kukwama ziwani. Sabuni haiyeyuki kwa petroli wala dizeli, na kwa dharura ya kurudi nyumbani inatosha. Kasoro huanza pale dharura inapogeuka mwaka mzima. Baada ya sabuni huja gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, ambayo hushika vizuri iwapo bati limesafishwa hadi likang'aa, na hubanduka kama gamba iwapo limepakwa juu ya kutu na mafuta.

Hatimaye tangi hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Hapo hatari hubadilika sura, kutoka kuzama hadi kulipuka.

Wengi hudhani tangi lililojaa ndilo la kuogopwa. Kinyume chake ndicho kweli. Petroli inayowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hulipuka ukichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa. Tangi lililomwagwa, likabaki na kijiko kimoja cha petroli nyuma ya magamba ya kutu, ndilo lenye mchanganyiko kamili. Taifa lilikwisha kuona nguvu ya mvuke huo Agosti 10, 2019 mjini Morogoro, ambapo lori la petroli lililopinduka liliwaka na kuua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakiyachota mafuta yaliyomwagika.

Dizeli husifiwa kwamba haina hatari, na ni kweli kwamba katika joto la kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka. Lakini moto wa kuchomelea si joto la kawaida. Mashapo yaliyoganda upande wa ndani hupikwa na bati jekundu, yakatoa mvuke papo hapo. Tangi la hila zaidi ni lile lililobeba petroli zamani, kisha likahamishiwa kwenye boti ya dizeli; mwenye nalo wa sasa huapa kwamba ni la dizeli tu, maana ndivyo alivyouziwa.

Mafundi wengine huingiza moshi wa gari ndani ya tangi kwa mpira, wakiamini kwamba moshi hufukuza hewa. Kuna wanaofanya hivyo kwa miaka na bado wako hai, na huo ndio ushahidi wao. Hata hivyo, moshi wa injini hubeba oksijeni kwa kiasi kisichojulikana, huweza kubeba cheche, na una sumu ya kutosha kumuangusha mtu katika karakana iliyofungwa. Njia inayoaminika ni ndefu kidogo. Tangi hutolewa kwenye boti. Haichomelewi ndani ya boti hata siku moja, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya sakafu. Humwagwa, husafishwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa, huachwa wazi likapigwa na upepo, kisha hujazwa maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea, likiwa limegeuzwa ili tundu liwe juu na mifuniko yote ikiwa wazi. Nafasi ya hewa inayosalia huwa ndogo mno kuleta madhara makubwa. Kazi ikiisha, tangi hukaushwa kabisa, juani na kwa upepo, kwani maji yaliyoliokoa lisilipuke ndiyo yatakayolitoboa tena yakiachwa.

Swali gumu zaidi ni kama tangi lenyewe linastahili kuchomelewa. Tundu linaloonekana ni lile lililowahi kutoboka. Majirani zake wako njiani. Fundi makini hugonga bati kwa nyundo ndogo na kusikiliza, akitafuta mahali ambapo mlio unakuwa butu. Bati likiwa limekonda, kiraka huligeuza tundu moja kuwa matatu, kwa sababu moto huyeyusha kingo zake. Hapo dawa ni kukata hadi kufikia chuma kizima, na mara nyingi hilo huwa na maana ya kubadili kitako chote. Wakati huo ndio wa kuongeza vitu ambavyo tangi la kwanza halikuwa navyo: kitako chenye mteremko na koki mahali pa chini kabisa, mlango mdogo wa kupitisha mkono kwa ajili ya kusafishia, na miguu ya kulitenga na mbao mbichi. Bati la mabati, lile lililopakwa zinki, halifai kwa dizeli ingawa halipati kutu upesi. Zinki hukutana na mafuta, ikatengeneza kitu kama sabuni kinachoziba nozo.

Mgawo na mfuko

Kama tiba inajulikana na si ya gharama kubwa ikilinganishwa na injini mpya, kwa nini haifanyiki? Jibu rahisi ni umaskini, na jibu jingine rahisi ni uzembe. Yote mawili hayatoshi. Yapo maboti ambayo wamiliki wake wana maduka mjini, na wapo manahodha waangalifu ambao hawafanyi uzembe katika jambo lolote jingine.

Jibu linalotosheleza zaidi limo katika namna mapato yanavyogawanywa. Kwa desturi ya uvuvi wa maziwa yetu, samaki wakiuzwa, kwanza huondolewa gharama za safari, yaani mafuta, chakula na barafu kama ipo. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Chombo chenyewe, pamoja na wavu, injini na tangi, ni mali ya mwenye chombo, na matengenezo yake ni juu yake.

Utaratibu huo una haki ndani yake, lakini umezaa jambo la ajabu. Dizeli inayovuja kwenye tangi bovu huhesabiwa kuwa ni mafuta ya safari. Inakatwa kabla ya mgawo, hivyo kila mtu ndani ya boti huilipia, hata kijana wa kumwaga maji. Injini ikinywa mafuta machafu na kula zaidi ya kawaida, ziada hiyo nayo inaingia kwenye gharama za wote. Kulichomelea tangi, kwa upande mwingine, ni shilingi inayotoka mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa hiyo hasara imegawanywa kwa wengi na tiba imewekwa kwa mmoja, tena yule ambaye usiku wa upepo yuko nyumbani kwake amelala.

Mwenye chombo akipiga hesabu kwa mfuko wake peke yake, kuahirisha huonekana ni busara. Nahodha naye, ambaye roho yake ndiyo iliyoko ziwani, hana mamlaka ya kukata fedha za matengenezo, na akisisitiza sana anaweza kuambiwa kwamba manahodha ni wengi. Hivyo tangi huendelea kuoza katikati ya mifuko miwili.

Kuna njia ya kulirekebisha hili bila kusubiri sheria wala mfadhili. Matunzo ya tangi, yaani chujio, kusafisha na kuchomelea, yangeweza kuhesabiwa pamoja na mafuta yenyewe, yakatwe kidogo kidogo kabla ya mgawo kila giza. Wavuvi watalalamika kwamba wanatengeneza mali ya mtu mwingine. Malalamiko hayo yana msingi, na dawa yake ni kuwapa haki inayolingana: nahodha apewe kauli ya mwisho ya kukataa kuondoka iwapo tangi linavuja, bila kupoteza kazi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), ambavyo vimezoea kushughulikia nyavu haramu, vinaweza kuwa mahali pa kuandika makubaliano ya namna hiyo, kwani wamiliki na wavuvi wote hukutana humo.

Karatasi na sakafu

Upande wa Serikali, sheria zipo. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003, sawa na Sheria ya Usafiri wa Meli. Usalama wa vyombo vya majini, uliokuwa chini ya SUMATRA, ulihamia mwaka 2018 kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo hukagua vyombo vidogo kabla ya kuvipa vyeti. Kimataifa, Mkataba wa Cape Town wa 2012 kuhusu usalama wa vyombo vya uvuvi unahusu vyombo vya mita 24 na zaidi, hivyo boti za Kyela haziguswi nao. Kwa vyombo vya chini ya mita 12, mashirika ya FAO, ILO na IMO yalitoa mapendekezo ya pamoja, ambayo ni ya hiari.

Mkaguzi anayefika ufukweni huwa na muda mfupi na vyombo vingi. Makoti ya kuokolea maisha huhesabika kwa macho. Namba ya usajili husomeka. Tangi linahitaji sakafu ifunguliwe, na mafuta yamwagwe kidogo kwenye chupa ya kioo ili kuonekana kama kuna maji chini yake. Kipimo cha chupa hakihitaji maabara: mafuta hutulia kwa robo saa, maji hushuka, na kila aliyepo huyaona. Ungekuwa ukaguzi wa bei ndogo kuliko mwingine wowote, na ungekuwa vigumu kuubishia.

Kwa mafundi pengo ni kubwa zaidi. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) hufundisha Mbegani, Nyegezi, Kibirizi na kwingineko, sehemu zilizo mbali na Kyela. Fundi wa kuchomelea wa Kyela mjini amejifunza kwa mageti, madirisha na matrela. Tangi la petroli humjia kama kazi nyingine yoyote ya chuma, likiletwa na mteja mwenye haraka. Mafunzo ya siku mbili, yakiendeshwa na Chuo cha Ufundi Stadi (VETA) cha Mbeya au mtu wa zimamoto, yangemfikia akiwa karakanani kwake.

Limebaki suala la maji machafu yanayotoka ndani ya tangi. Mara nyingi humwagwa pale pale ufukweni, hatua chache kutoka mahali akina mama wanapochota maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo, lakini hakuna pipa lililowekwa kupokea uchafu huo. Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu unaolitoa maji, Shire, ulioko mwisho wa kusini. Kinachomwagwa Matema hakiondoki haraka. Mwaka 2012 Tanzania na Malawi zilivutana kwa maneno makali juu ya mpaka wa ziwa hili, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta chini yake. Hofu kubwa iliyotajwa wakati huo ilikuwa kwamba mafuta yakichimbwa yatawaharibu samaki. Mafuta yanayofika majini leo hayajachimbwa na mtu yeyote. Yanadondoka kutoka kwenye bati lililooza, tone moja moja, na yamelipiwa kwa bei ya pampu.

Masika ya Kyela huisha karibu na wakati kusi linapoanza. Boti iliyonyeshewa kuanzia Machi huingia Mei ikiwa na maji tangini na upepo mbele yake, hivyo muda wa kuyafungua matangi hayo ni mbalamwezi moja au mbili za Aprili, wakati mafundi wa kuchomelea bado hawana foleni.